Kuiba besi au kupiga homurani: bei halisi iko kwenye auti

Mwaka 1982 Rickey Henderson akiwa na Oakland aliiba besi 130 ndani ya msimu mmoja, rekodi ambayo kwenye besiboli ya zama hizi hakuna aliyeigusa mpaka leo. Mwaka 2024 Shohei Ohtani akiwa na Los Angeles Dodgers akaiba 59, yaani hata nusu ya zile hazifiki. Sasa swali, wizi wa nani uliisaidia timu zaidi? Wengi ukiwauliza watakujibu Rickey papo hapo, na ukiangalia namba tupu huwezi kuwalaumu, 130 na 59 wapi na wapi. Lakini piga hesabu yenyewe uone, jibu linageuka, Ohtani anampita kidogo, na ukishajua kwa nini anampita utakuwa umeuelewa karibu ubishi wote huu wa spidi na pawa ambao mashabiki wa besiboli wamekuwa wakibishana kwa zaidi ya miaka 100.

Nianze na msingi haraka haraka kwa wale ambao besiboli wanaiona kwenye klipu tu. Timu ikiwa inapiga ina auti tatu, yaani watu wake watatu kutolewa, kwenye kila zamu, zamu ni tisa, kwa hiyo kwa gemu nzima una auti 27, zikiisha zimeisha. Hakuna dakika 90 hapa, auti ndiyo saa yenyewe. Mpigaji akifika besi ya kwanza salama anageuka mkimbiaji, anatakiwa apite ya pili, ya tatu, arudi nyumbani, akifika nyumbani hiyo ni pointi moja. Homurani ni pale mpira unapopigwa ukavuka uzio wa uwanja, hapo mpigaji pamoja na kila aliyekuwa kwenye besi wanazunguka taratibu bila mtu kuwagusa na wote wanahesabiwa. Kuiba besi ni kitu kingine kabisa, mkimbiaji hasubiri mpira upigwe, mrushaji akianza tu kurusha kuelekea kwa mpigaji yeye anachomoka, na mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji anatakiwa adake, asimame, autupe mpira mpaka besi ya pili ili mwenzake amguse huyo mkimbiaji kabla hajafika. Akifika salama kasogea mita 27 na ushee bure bure. Akiguswa ni auti, na hapo timu imepoteza vitu viwili kwa mpigo mmoja: mtu iliyekuwa naye uwanjani, na auti moja kati ya zile 27.

Hapo kwenye vitu viwili ndipo pa kukaa, maana ndipo watu wengi wanaporuka.

Watu wa takwimu wamepitia maelfu kwa maelfu ya gemu za MLB, ligi kuu ya Marekani, wakaangalia kila hali inayoweza kutokea: nani yuko besi gani, auti ziko ngapi, na kuanzia hapo mpaka zamu iishe timu ilipata pointi ngapi kwa wastani. Ukiwa na mtu besi ya kwanza na bado hakuna auti, wastani ni kama pointi 0.85 hivi, inapanda inashuka kidogo kulingana na msimu. Mtu huyo huyo akiwa besi ya pili bila auti unapanda mpaka kama 1.1. Kwa hiyo ukiiba ukafanikiwa umeongeza robo ya pointi, basi, robo tu. Sasa tuseme umenaswa, besi zote ziko tupu na kuna auti moja, wastani unadondoka mpaka 0.25 hivi, yaani umepoteza pointi 0.6. Angalia hiyo mizani vizuri. Unahatarisha 0.6 ili upate 0.25. Ukikokotoa unakuta mwizi wa besi anatakiwa afanikiwe kama mara 7 kati ya 10 ili tu arudi sifuri, asiwe amesaidia wala kuharibu, na kutegemea auti ziko ngapi na anaiba besi ipi mstari huo unacheza kati ya theluthi mbili na robo tatu. Mtu anayefanikiwa mara 6 kati ya 10 anaonekana anashambulia kweli kweli, uwanja unasimama, jezi imejaa vumbi, na kila akichomoka anaipunguzia timu yake pointi.

Ukichanganya hali zote kwa pamoja, zile za mwanzo wa zamu na zile za auti mbili, wizi mmoja uliofanikiwa una thamani ya kama pointi 0.2, na kunaswa mara moja kunagharimu kama 0.4, wengine wanapandisha kidogo juu ya hapo. Homurani moja ni kama 1.4. Siyo 1 kamili kwa sababu mara nyingine kuna watu besi nao wanaingia, na haikaribii 4 kwa sababu mara nyingi zaidi besi ziko tupu au kuna mmoja tu. Kwa hiyo homurani moja ni sawa na wizi saba ambao hukunaswa hata mara moja. Saba! Na kuna jambo lingine, mwizi anapochomoka anaiweka auti rehani papo hapo, wakati mpigaji wa pawa yeye kila akikosa anapoteza auti ambayo mpigaji yeyote aliyesimama pale angeweza kuipoteza vilevile.

Sasa turudi kwa Rickey na hiyo 130 yake. Besi 130 mara 0.2 ni pointi 26, safi kabisa. Lakini mwaka ule ule alinaswa mara 42, nayo ni rekodi, na 42 mara 0.4 ni karibu pointi 17. Toa, unabaki na 9. Ohtani aliiba 59 akanaswa mara 4 tu, kwa hiyo ni karibu 12 toa 1.6, unabaki na 10 na chenji. Pale ndipo anapompita. Na kwenye besiboli pointi 10 kwa msimu ni kama ushindi mmoja, ushindi mmoja kwenye gemu 162, maana yake rekodi kubwa kuliko zote za wizi wa besi ukiitenganisha ikabaki peke yake ilikuwa na thamani ya ushindi mmoja, hata haukutimia. Huku homurani 54 za Ohtani mwaka ule ule zinakuja kama pointi 75.

Naandika hivi na Rickey ndiye mchezaji ninayempenda kuliko wote waliowahi kuvaa jezi, kwa hiyo nisieleweke vibaya. Rickey ni mkubwa, tena mkubwa sana, ila ukubwa wake hauko pale watu wanapouweka. Msimu ule wa 1982 alifika besi karibu mara 4 katika kila mara 10 aliyosimama kupiga, alipewa besi ya kwanza bure (mrushaji akikosea mirusho minne) mara 116 kwa sababu alikuwa anachuchumaa, eneo la straiki, yaani nafasi ambamo mrusho unahesabiwa halali, linakuwa dogo mpaka warushaji wanashindwa pa kurushia. Kwa maisha yake yote ya ligi kuu alipewa besi bure mara 2,190, akapiga homurani 297, na 81 kati ya hizo zilikuwa za kufungua gemu, yaani yeye ndiye mpigaji wa kwanza wa timu yake, watu hawajakaa vizuri mpira ushavuka uzio. Alifunga pointi 2,295 na hakuna binadamu aliyefunga zaidi yake kwenye ligi hiyo. Zile besi 1,406 alizoiba ni juu ya hayo yote. Mguu wake ulikuwa na maana kwa sababu jicho lake lilikuwa linamfikisha besi ya kwanza, na besi ya kwanza haiibiki, lazima uifikie kwa kupiga au kwa kuwa mvumilivu.

Ukitaka kuona mguu bila jicho angalia Vince Coleman wa St. Louis Cardinals. Msimu wa 1986 aliiba besi 107 akanaswa mara 14 tu, huo ni wizi wa daraja la juu sana, kwa hesabu yetu ni kama pointi 16, unamzidi Rickey wa 1982 mbali. Lakini alimaliza msimu mzima bila homurani hata moja, wastani wake wa kupiga, yaani mara alizopiga akafika besi salama, ulikuwa .232, na alifika besi kama mara 30 tu katika kila mara 100. Kila alichokiingiza kwa mguu alikuwa ameshakitoa kwa gongo kabla hajaanza kukimbia.

Na kama huyo hatoshi kuna Herb Washington. Huyu alikuwa mwanariadha wa mbio fupi, Charlie Finley aliyekuwa anamiliki Oakland akamsajili mwaka 1974 kwa kazi moja tu, kukimbia. Hakupiga hata mara moja, hakusimama uwanjani kuzuia hata mara moja, gemu 105 za ligi kuu zote anaingizwa akae besi mahali pa mwenzake akimbie. Spidi tupu ambayo haijachanganywa na kitu. Akaiba besi 31 akanaswa mara 17. Piga hesabu mwenyewe, 31 mara 0.2 ni 6.2, na 17 mara 0.4 ni 6.8. Mtu mwenye kasi kuliko karibu kila mtu uwanjani aliiachia timu yake hasara ndogo kwenye wizi. Kwa sababu kuiba besi siyo mbio tu, ni kumsoma mrushaji, kujua bega lake linaanza kugeuka lini, kujua mpira wa aina gani unakuja, kujua uchomoke kwenye hatua ipi, na vitu hivyo hufundishwi kwenye uwanja wa riadha.

Kulinganisha kwingine ninakokupenda ni Lou Brock na Tim Raines. Brock aliiba 938, Raines 808, kwa hiyo kwenye orodha Brock yuko juu kwa besi 130 nzima. Ila Brock alinaswa mara 307 na Raines mara 146. Ukiweka bei zetu zilezile, wizi wa Brock unabaki kama pointi 65 na wa Raines unazidi 100. Brock aliingia kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli pale Cooperstown mara ya kwanza tu alipopigiwa kura, Raines alisubiri mpaka 2017, mwaka wake wa kumi ambao ndio ulikuwa wa mwisho kuruhusiwa kupigiwa kura na waandishi. Sisemi wizi peke yake ndiyo sababu, lakini naamini kabisa kwamba watu walikuwa wanahesabu besi na hawahesabu auti.

Sasa usije ukadhani watu wa zamani walikuwa hawana akili. Bei ya auti na bei ya besi hazijawahi kukaa sehemu moja. Kabla ya 1920 mpira mmoja ulitumika mpaka umechakaa, umechafuka, umelainika, warushaji walikuwa wanaruhusiwa kuupaka mate, na kuuvusha uzio ilikuwa shughuli pevu. Kulikuwa na mpigaji wa Philadelphia Athletics watu wakimwita Home Run Baker, jina la heshima kabisa, na maisha yake yote hakuwahi kuvuka homurani 12 kwa msimu. Kwenye mazingira hayo mtu aliyefika besi ya kwanza usipomsogeza mwenyewe atakufa palepale, nani atamrudisha nyumbani? Pointi zikiwa chache, kila besi inapanda bei na auti inashuka, maana hata ungeitunza hiyo auti isingekuzalia kikubwa. Ndiyo maana Ty Cobb aliiba 96 mwaka 1915 akanaswa mara 38 na timu yake haikuona tatizo.

Halafu mwaka 1920 mambo yakabadilika kwa mkupuo. Mipira ya mate ikapigwa marufuku, na mwezi wa nane Ray Chapman wa Cleveland akagongwa na mpira kichwani akafariki, baada ya hapo waamuzi wakawa wanautoa mpira uliochafuka na kuleta mpya mweupe unaoonekana. Na katikati ya hayo Babe Ruth, ndiyo kwanza kahamia New York Yankees, akapiga homurani 54 peke yake, zaidi ya timu nyingine yoyote nzima ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, mwaka huo. Timu zikaona njia. Kama nyuma yako anakuja mtu anayeweza kukurudisha nyumbani kwa pigo moja ukiwa besi yoyote ile, unaikimbilia ya pili ya nini? Wizi ukaanza kufa polepole, mpaka ikafika 1950 kinara wa wizi wa American League nzima, Dom DiMaggio, aliongoza kwa besi 15. Kumi na tano msimu mzima! Ilibidi aje Maury Wills wa Dodgers na besi zake 104 mwaka 1962, akanaswa 13 tu, ambapo yeye peke yake aliiba nyingi kuliko timu nyingine yoyote, ndipo watu wakakumbuka kwamba hii silaha bado ipo.

Kuna msimu ambao watu wa spidi wanautaja kila ubishi ukianza, nao ni 1982 tena, safari hii St. Louis Cardinals. Waliiba besi 200, wakapiga homurani 67 tu, hakuna timu iliyopiga chache kuliko wao ligi nzima. Fainali wakakutana na Milwaukee Brewers waliokuwa wamepiga 216. Cardinals wakashinda kwa gemu saba. Hoja nzuri hiyo, ila iangalie kwa ndani. Uwanja wao wa nyumbani ulikuwa mkubwa, uzio uko mbali, chini kuna nyasi bandia ngumu ambazo mpira ukidunda unakimbia, kwa hiyo homurani pale zilikuwa ghali na mguu ulikuwa rahisi, na kocha wao Whitey Herzog aliijenga timu kwa ajili ya uwanja ule ule. Miguu ile ile iliyokuwa inaiba ndiyo iliyokuwa inafukuza mipira ikiwa timu inazuia, na nafasi ya shortstopu, mzuiaji wa kati ya besi ya pili na ya tatu, alikuwepo Ozzie Smith, mzuiaji ambaye mimi naamini hajapatikana wa kumfikia. Wizi ulionekana kwa sababu ndio unaoandikwa kwenye karatasi ya gemu, lakini sehemu kubwa ya faida ya spidi yao ilikuwa kwenye mambo yasiyo na safu yake: kutoka besi ya kwanza mpaka ya tatu kwa pigo fupi, kuponyoka auti mbili kwa mpira mmoja, kudaka mpira ambao mwingine angeuangalia ukidondoka. Kwa hiyo ukiniuliza kama spidi ina thamani nitakwambia ndiyo, ina thamani kubwa, ila wizi ni kipande tu cha spidi, na kipande hicho kina auti mkononi.

Pawa nayo ina bei yake, na hapa watu wanakuwa wakali sana. Kyle Schwarber mwaka 2023 akiwa na Philadelphia Phillies alitolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mitatu aliyoshindwa kuipiga, mara 215, wastani wake wa kupiga ulikuwa .197, kwa macho ya kizamani huyo ni mtu wa kukaa benchi, na Phillies walikuwa wanamweka apige wa kwanza kabisa, nafasi ambayo kwa miaka na miaka ilikuwa ya wakina Rickey na Coleman. Kwa nini? Kwa sababu alipiga homurani 47 na akapewa besi bure mara 126, ukijumlisha alifika besi kama mara 34 katika kila 100, juu ya wastani wa ligi. Warushaji wanamwogopa, wanarusha pembeni, anaachia, anatembea mpaka besi ya kwanza. Na zile straiki tatu zinauma machoni kuliko zinavyouma kwenye pointi, auti ya straiki na auti ya mpira uliodakwa hazipishani sana, tena straiki ina afadhali kwenye jambo moja, mtu akiwa besi ya kwanza haileti auti mbili kwa mpira mmoja kama mpira dhaifu uliopigwa chini.

Kitu ambacho nataka msomaji akishike ni kwamba bei hizi zote ni wastani, na gemu haichezwi kwa wastani. Chukua usiku wa Oktoba 17, 2004. Boston Red Sox wako nyuma 3 kwa 0 kwenye mfululizo wa kutafuta nafasi ya fainali, ni gemu ya nne, zamu ya tisa, wamefungwa 4 kwa 3 na Yankees, mrushaji ni Mariano Rivera. Kevin Millar akapewa besi bure, Dave Roberts akaingizwa kukimbia badala yake, na uwanja mzima unajua ataiba. Hapo hesabu ya 0.85 na 1.1 haina kazi, kwa sababu Boston hawahitaji pointi nyingi, wanahitaji moja, wakiikosa msimu umeisha. Sasa uliza swali lingine, uwezekano wa kupata angalau pointi moja ni kiasi gani? Mtu besi ya kwanza bila auti ni kama asilimia 43. Besi ya pili bila auti, kama 62. Besi tupu na auti moja, kama 16. Ukikokotoa kwa hizo, Roberts alitakiwa awe na uhakika wa kama asilimia 59 tu ili kuchomoka kuwe sahihi, siyo 70. Na msimu ule alikuwa ameiba 38 akanaswa mara 3. Rivera akamrushia besi ya kwanza mara tatu kumrudisha, kisha mrusho wa kwanza kwa mpigaji Roberts huyoo, kafika salama kwa unywele. Bill Mueller akapiga katikati, Roberts akafunga, 4 kwa 4. Kwa sare hiyo gemu ikapitiliza zamu tisa, na zamu ya 12 David Ortiz akapiga homurani ikaisha hapo. Boston wakashinda gemu zilizobaki zote za mfululizo ule, wakaenda kuchukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1918.

Na ugeuze upande wa pili. Fainali ya 1926, gemu ya saba, Yankees wamefungwa 3 kwa 2 na Cardinals, zamu ya tisa, auti mbili, Babe Ruth yuko besi ya kwanza. Anayepiga ni Bob Meusel na anayefuata ni Lou Gehrig. Ruth akachomoka kwenda besi ya pili, Bob O'Farrell akatupa, Rogers Hornsby akamgusa, ubingwa umekwisha. Nimewasoma wanaomtetea Ruth, wanasema mrushaji Pete Alexander alikuwa ameshika gemu na kutoka besi ya kwanza ingehitajika mapigo mawili kumrudisha, na kuna mantiki ndani yake. Ila mimi hainiingii. Pale kwenye gongo kuna mtu anayeweza kuimaliza gemu kwa pigo moja, na kosa dogo la mguu linamnyima nafasi ya kupiga yeye na Gehrig wote wawili. Hilo ndilo swali ambalo kocha anatakiwa ajiulize kila mara, anayepiga ni nani? Akiwa mpigaji hafifu wa mapigo mafupi, besi ya pili ni dhahabu kwa sababu pigo lake fupi sasa linaweza kukurudisha. Akiwa mtu wa homurani, besi ya pili haimwongezei kitu kikubwa, na besi ya kwanza ikishabaki wazi wapinzani wanaweza kumpa besi bure makusudi, gongo lake likatoka mchezoni bila hata kupiga.

Halafu kuna hoja ya kumchanganya mrushaji, kwamba mwizi akiwa besi ya kwanza mrushaji akili inagawanyika. Ina ukweli, na mlinzi wa besi ya kwanza naye analazimika kukaa karibu na besi, pengo linafunguka upande wake. Lakini mpigaji pia anagawanyika, anaachia mpira mzuri upite ili mwenzake aibe, anajikuta ana straiki moja au mbili ambazo hakuzitaka. Kwa hiyo sipendi mtu akiitaja upande mmoja tu.

Yote hayo yalikuwa mazoea mpaka 2023, MLB ilipobadili sheria na bei ikahama tena. Besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 kwenda 18, umbali kati ya ya kwanza na ya pili ukapungua inchi 4.5, karibu sentimita 11. Watu wakaongelea sana hizo besi, na kweli zinasaidia, ila kubwa zaidi kwangu ni ile sheria nyingine, mrushaji sasa anaruhusiwa kukatisha na kurusha besi au kushuka kwenye kilima anachorushia mara mbili tu kwa kila mpigaji, ya tatu asipompata mkimbiaji basi mkimbiaji anapewa besi bure. Na kuna saa inahesabu, lazima arushe. Hebu fikiria muda wenyewe: mrusho kutoka kuanza mpaka kufika kwa mdakaji ni kama sekunde 1.3 hadi 1.4, mdakaji kudaka na kuutupa mpaka besi ya pili kama sekunde 2.0, jumla 3.3 au 3.4, na mkimbiaji mzuri aliyejisogeza mbele kidogo anatumia muda uleule. Vita nzima iko kwenye sehemu ya kumi ya sekunde, sasa umempa mkimbiaji hatua moja zaidi kwa sababu mrushaji amemaliza ruhusa yake, vita imeisha kabla haijaanza.

Matokeo yake, wizi ulitoka 2,486 mwaka 2022 ukafika 3,503 mwaka 2023 na 3,617 mwaka 2024, kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1915, na mafanikio mwaka 2023 yalivuka asilimia 80, juu kuliko msimu wowote kabla yake. Kumbuka ule mstari wetu wa 70. Ligi nzima kwa wastani iko juu yake kwa mbali, kitu ambacho enzi za Rickey kilikuwa cha wachache. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta akapiga homurani 41 na kuiba 73 mwaka huo wa 2023, na hakuna aliyewahi kufanya 40 na 70 kabla yake.

Lakini mfano unaonifurahisha zaidi ni wa 2025, na siyo wa watu wenye kasi. Josh Naylor, mtu mzito, ukipima kasi yake yuko miongoni mwa wanaokimbia taratibu kabisa kwenye ligi, aliiba 30 akanaswa mara 2. Juan Soto wa New York Mets, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuvuka 12 kwa msimu, akaiba 38 akanaswa 4, na homurani 43 juu yake. Hawa hawana miguu ya Herb Washington hata kidogo. Walichofanya ni kusoma, kuchagua mrushaji anayechelewa kurusha, kuchagua mrusho wa kwenda taratibu, wakiona haifai wanakaa. Nafasi wanazochomokea ni chache, ila karibu zote zinalipa.

Na sasa warushaji wanatafuta dawa. Iliyo karibu ni kufupisha mwendo, usinyanyue mguu juu sana, rusha haraka, upunguze ile 1.4 iwe 1.2. Inawezekana na wengi wanafanya. Ila mrushaji anayefupisha mwendo anapoteza kitu, mpira unapungua kasi au hautui anapotaka, na mpira huo unakwenda kwa mtu aliyeshika gongo, ambaye siku hizi mara nyingi ni mtu wa homurani. Ukiona mkimbiaji ananyanyua nyanyua miguu pale besi ya kwanza halafu hachomoki, mwangalie mrushaji anavyorusha, kisha angalia mpira ule ulivyokaa kwa mpigaji.